Picha ya shingo isiyofika pingili ya saba isiitwe safi

Aliletwa kwa bodaboda, mshikaki: dereva mbele, yeye katikati, rafiki yake nyuma akimshika kichwa kwa viganja viwili kama mtu anayeshikilia mtungi usimwagike. Shingoni amefungwa kanga. Alikuwa kijana wa kupakia mahindi sokoni, na asubuhi ile alikuwa ameanguka kutoka juu ya fuso lililojaa magunia, akatanguliza kichwa. Alitembea mwenyewe mpaka mlangoni pa chumba cha eksirei akiwa na karatasi ya tabibu yenye maneno mawili tu, "eksirei shingo". Akaniamkia vizuri, akauliza kama itauma.

Nilimpiga picha mbili, moja ya mbele na moja ya ubavuni. Ile ya ubavuni ndiyo inayobeba kesi nzima ya shingo. Ilitoka vizuri, mifupa inasomeka, kingo ni kali, nami nikaridhika. Nikaandika daftarini: shingo, picha mbili. Tabibu akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama, akasema iko safi. Kijana akapewa vidonge vya maumivu, akaenda zake nyumbani.

Kesho yake alirudi na mkewe. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa havishiki. Mkewe ndiye aliyemnywesha chai asubuhi. Nikaitoa picha ya jana kwenye bahasha, nikaanza kuhesabu pingili kwa ncha ya kalamu kutoka juu, moja, mbili, tatu, mpaka nikafika sita. Chini ya ya sita hapakuwa na mfupa, palikuwa na wingu jeupe. Lile wingu lilikuwa mabega yake, mabega ya mtu aliyebeba lumbesa tangu utotoni. Jana yake sikuhesabu, na tabibu naye hakuhesabu. Tulipompiga tena, safari hii amelala chali, wauguzi wawili wakiivuta mikono yake taratibu kuelekea miguuni na daktari amesimama kichwani akimuuliza kila mara kama ganzi inaongezeka, pingili ya sita ikaonekana imeteleza mbele ya ya saba.

Alipewa rufaa, akafanyiwa upasuaji, na leo anatembea. Mkono wa kulia haukurudi wote. Magunia ameyaacha.

Nimekuwa mtaalamu wa mionzi miaka mingi tangu siku ile, na kila mara mjadala wa majeruhi wa ajali ukianza hapa kwetu nasikia jambo lile lile: hatuna mashine za kutosha. Ni kweli. Ila kijana yule hakukosa mashine. Mashine ilikuwapo, umeme ulikuwapo, na picha ilitoka nzuri. Kilichokosekana ni mtu wa kusema kwa maandishi kwamba picha hii haijafika mwisho. Ndilo ninalotaka kulitetea hapa: picha ya shingo iliyoishia njiani isihesabiwe kuwa picha, na aliyeipiga awe na wajibu wa kuliandika hilo kabla haijatoka mlangoni pake.

Shingo ina pingili saba. Ya kwanza inabeba fuvu, ya pili ina kijino kinachosimama ndani ya ile ya kwanza ili kichwa kiweze kugeuka. Katikati ya zote hupita uti wa mgongo, ambao neva zake za usawa wa pingili ya tatu, ya nne na ya tano ndizo zinazoendesha kiwambo cha pumzi. Uti ukikatika juu ya hapo, mtu hawezi kupumua mwenyewe. Ukiumia chini ya hapo, anapumua, lakini mikono na miguu inaweza kubaki mizigo. Ndiyo maana shingo haifanani na kifundo cha mguu. Kifundo kikipitwa leo, wiki ijayo kitavimba na kukusuta. Shingo ikipitwa leo, mgonjwa anaweza kugeuka kitandani usiku na asubuhi asiinuke.

Picha ya ubavuni husomwa kwa mistari minne ya kuwazwa: mmoja unashuka mbele ya miili ya pingili, mmoja nyuma ya miili hiyo, wa tatu unafuata ukuta wa nyuma wa mfereji wa uti, na wa nne unapita kwenye ncha za nyuma, zile unazozigusa ukijipapasa kisogoni kushuka chini. Kwa mtu mzima asiyeumia, mistari hiyo inapinda taratibu bila kukatika. Ukikatika mmoja, hapo pana jambo. Halafu kuna kivuli cha nyama laini mbele ya mifupa, kinachopuuzwa sana. Mbele ya pingili ya pili na ya tatu, kwa mtu mzima hakitakiwi kuzidi kama milimita 7. Kikivimba, damu imevuja, na mara nyingine huo uvimbe ndio shahidi pekee wa mfupa uliovunjika bila kuonyesha ufa.

Ujuzi huu wote hauna kazi iwapo mfupa wenyewe haumo kwenye picha. Picha ya ubavuni inayokubalika ni ile inayoonyesha pingili zote saba pamoja na sehemu ya juu ya pingili ya kwanza ya kifua, kwa sababu kiungo cha shingo na kifua ni mahali panapovunjika na kuteleza mara nyingi, na ndipo mabega yanapopafunika. Ongeza picha ya mbele, na ongeza ile ya tatu ambayo mgonjwa anaachama mdomo ili pingili mbili za juu zionekane kati ya meno. Mimi siku ile nilipiga mbili kati ya tatu, na ile iliyokuwa muhimu kuliko zote ilikuwa na mifupa sita.

Wapo watakaosema kosa dogo kama hilo haliwezi kuwa chanzo cha tatizo kubwa. Takwimu zinasema vingine. Mwaka 2000 huko Marekani ulichapishwa utafiti mkubwa, NEXUS, uliofuatilia wagonjwa 34,069 katika idara za dharura za hospitali 21. Kati yao, 818 walikuwa na majeraha ya pingili za shingo. Mwaka uliofuata watafiti wale wale walirudi kuziangalia eksirei za hao 818. Eksirei iliyaona majeraha ya watu 498. Kwa watu 320 kuna majeraha iliyoyapita. Kwa haraka mtu angesema kifaa chenyewe hakifai. Lakini sehemu kubwa ya hao 320 walikuwa na picha ambazo zilishaonyesha kasoro nyingine, au picha ambazo hazikutosha: haikufika chini, ilifunikwa, ilipigwa mkao mbovu. Waliopigwa picha kamili na bado jeraha halikuonekana walikuwa 23.

Watu 23 kati ya 818. Soma tena namba hiyo ukiwa umekaa mahali ambapo eksirei ndiyo mashine pekee ndani ya kilomita 100. Maana yake ni kwamba picha kamili ikiwa safi, ina uzito mkubwa kuliko tunavyoipa. Na picha pungufu haina uzito wowote, hata iwe na kingo kali namna gani. Shida ni kwamba zote mbili zikifika mezani kwa tabibu zinaitwa kwa jina moja: safi.

Sisemi eksirei inalingana na siti skani, mashine inayopiga picha za mwili vipande vipande. Hailingani. Uchambuzi uliojumlisha tafiti mbalimbali mwaka 2005 ulikuta kwamba kwa wagonjwa walio katika hatari kubwa, eksirei ilikamata asilimia 52 tu ya majeraha ya shingo, siti skani asilimia 98. Baada ya hapo Marekani na nchi nyingi za Ulaya zimehamia kwenye siti skani moja kwa moja kwa mtu mzima anayeshukiwa. Wamefanya sawa, na sisi tukiweza tufanye hivyo. Hapa Tanzania mashine hizo sasa zimefika hospitali nyingi za rufaa za mikoa, na siyo tena lazima kila mgonjwa asafiri mpaka hospitali kubwa za Muhimbili, Bugando au KCMC. Ila kati ya mgonjwa na mkoa kuna zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya, na huko anayeamua nani apande gari la wagonjwa na nani arudi nyumbani, anaamua akiwa ameshika eksirei. Kwa hiyo usahihi wa eksirei ya wilaya ndio unaoamua kama siti skani ya mkoa itamfaa mtu huyo au itabaki imekaa.

Tena kabla ya mashine yoyote kuna mkono. Kazi kubwa ya NEXUS haikuwa eksirei, ilikuwa kujua nani hahitaji kupigwa. Ukimkuta majeruhi ana akili timamu, hajalewa, hana ganzi wala udhaifu wa kiungo, hana jeraha jingine linalomuuma sana kiasi cha kumsahaulisha shingo, na ukimbonyeza katikati ya kisogo kushuka chini haumii, shingo yake unaweza kuiacha bila picha. Kati ya wale 818 walioumia, kipimo hicho cha mkono na maswali kiliwapita 8 tu. Wakanada nao mwaka 2001 walitoa kanuni yao, iliyotokana na wagonjwa 8,924: kama ana miaka 65 au zaidi, kama ameanguka kutoka urefu wa mita 1 au ngazi 5, kama anasikia mchonyoto mikononi au miguuni, apigwe picha. Kama hana hayo na hali yake ni nyepesi, mwambie ageuze shingo mwenyewe nyuzi 45 kulia na kushoto. Anayeweza, aachwe.

Kijana wa magunia alianguka kutoka juu ya fuso. Kwa kanuni ya Kanada alikuwa wa hatari kabla hajafika kwangu. Angebonyezwa kisogo angeruka. Karatasi iliyoandikwa "eksirei shingo" haikuniambia lolote kati ya hayo: ameangukaje, anaumia wapi, ana ganzi au hana. Nami sikuuliza, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Na nusu ya foleni ile, nikikumbuka vizuri, ilikuwa watu wa mafua ya kifua na vifundo vilivyoteguka.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma zaidi. Katika vyumba vingi vya eksirei nilivyopita, mtu wa mionzi amefundishwa kunyamaza. Kazi yako ni kupiga, kusoma si kazi yako. Nimeambiwa hivyo nikiwa mwanafunzi, na nimewasikia wakubwa wakiwaambia wengine. Mantiki yake ipo: kusoma picha ni taaluma ya daktari bingwa wa radiolojia, aliyesomea miaka mingi, na haifai kila mtu ajifanye bingwa. Lakini hospitali ya wilaya kwa kawaida haina bingwa huyo. Picha inatoka kwangu inakwenda kwa tabibu mwenye wagonjwa 60 mlangoni, ambaye pengine mara ya mwisho kuona shingo iliyoteleza ni kwenye kitabu cha chuo. Mimi nimeziona shingo mia kadhaa. Nikinyamaza, anayejua kidogo ndiye anayeamua peke yake, na anayejua zaidi anakunja mikono.

Uingereza walilitatua hili bila makelele tangu miaka ya 1980. Mpiga picha akiona kitu kisicho cha kawaida, alibandika kidoti chekundu kwenye picha. Hakuandika ripoti, hakutaja ugonjwa, hakuingilia kazi ya mtu. Kidoti tu, maana yake: tazama hapa vizuri kabla hujamruhusu. Baadaye wakasogea mbele, wapiga picha wakaanza kuandika maoni mafupi, na wengine wakasomeshwa wakawa wanatoa ripoti kamili. Sisi hatuhitaji kuanza na ripoti. Kwa shingo nataka mstari mmoja wa lazima kwenye kila bahasha: "pingili 1 mpaka 7 zinaonekana" au "ya saba haionekani". Na kwa ile ya pili, mkuu wa kituo aweke amri kwamba shingo isiachwe huru mpaka daktari amemkagua upya au mgonjwa amefika penye siti skani.

Hilo halihitaji bajeti, linahitaji peni na ruhusa.

Na haraka, kwa sababu ugonjwa mpya umeingia. Siku hizi picha inapigwa kwa simu na kutumwa WhatsApp kwa daktari aliyeko mjini. Nashukuru sana kwa msaada huo, umeokoa watu. Ila nimeshika simu hizo mkononi na kuona kinachotumwa: filamu imebandikwa kwenye kioo cha dirisha, mwanga unaakisi upande mmoja, na mpigaji amekata sehemu ya chini ili shingo ijae kioo. Sehemu iliyokatwa ni ya sita na ya saba. Daktari wa mjini anajibu kwa uaminifu kabisa, "naona sawa". Ukituma shingo, tuma filamu nzima pembe zote nne, na juu yake andika namba ya pingili ya mwisho inayoonekana.

Kuna wagonjwa wawili ambao hata picha kamili haiwatoshi, na tabibu awatambue kwa macho. Wa kwanza ni mzee. Ameteleza bafuni, ameangukia uso, kichwa kikarudi nyuma. Eksirei itaonyesha mifupa ya uzee, vichomozo hapa na pale, hakuna mvunjiko. Lakini mwambie akushike mkono. Anatembea, tena miguu ina nguvu, ila mikono imelegea na anasema inawaka moto. Uti wake umebanwa kati ya vichomozo vya mbele na kano nene za nyuma, ukachubuka katikati, na hilo linaonekana kwenye MRI, kipimo cha sumaku kinachouonyesha uti wenyewe. Wa pili ni mtoto. Shingo ya mtoto inanyumbulika kuliko uti uliomo ndani yake, kwa hiyo mifupa inaweza kuvutika na kurudi mahali pake huku uti umeumia. Madaktari wa Marekani walilieleza hilo vizuri mwaka 1982 na kulipa jina lake. Mtoto aliyegongwa na gari akasema miguu ilikufa ganzi kwa dakika tano kisha ikapona, huyo hajapona. Ganzi hiyo inaweza kurudi baada ya saa kadhaa, au hata siku.

Nimeulizwa na mwenzangu mmoja: ukianza kuandika "ya saba haionekani" kwenye kila picha, utajaza kwenye magari ya wagonjwa watu wasio na kitu. Hoja yake ninaiheshimu. Gari ni moja, mafuta yanahesabiwa, na anayepelekwa na shingo yake anaweza kumnyima nafasi mama anayetoka damu. Jibu langu ni kwamba kabla ya kuandika mstari huo lazima nijitahidi kweli. Mikono ivutwe taratibu, daktari akiwapo. Ikishindikana, na daktari akiridhia, kuna mkao wa muogeleaji, mkono mmoja juu ya kichwa na mwingine ubavuni, miale ipite kwapani. Ukimbonyeza kisogo kwanza, baadhi ya watu hawatafika chumbani kwangu kabisa, na nafasi ya gari itapatikana kutoka huko. Kwa sasa tunawapiga picha wengi wasiohitaji, kisha tunawapiga harakaharaka wachache wanaohitaji.

Vilevile wakati wa kusubiri si lazima uwe wa hatari. Kola ya kiwandani ikikosekana, mlaze chali mahali pagumu, weka chupa mbili za maji ya dripu au mifuko miwili ya mchanga pande zote za kichwa, funga paji la uso kwa plasta mpaka kwenye machela, na akitaka kutapika mgeuzeni watu wanne kama gogo, kichwa kikifuata kiwiliwili. Wenye bodaboda wafundishwe hili vijiweni kwao. Yule rafiki aliyemshika kijana kichwa kwa viganja viwili nyuma ya pikipiki alikuwa na nia njema kuliko sisi sote siku ile, na alikuwa karibu kuelewa. Alikosa tu kuambiwa amlaze chini asubiri.

Mwezi uliopita aliletwa mama mmoja aliyeteleza bombani akiwa na ndoo ya lita 20 kichwani. Kisogo kilimuuma ukikigusa. Tulipiga picha tatu, tukavuta mikono, tukapiga ya nne. Mama mnene, mabega yako juu, ya saba ikagoma. Nikaandika kwenye bahasha kwa kalamu ya wino mzito: ya saba haionekani. Daktari wa zamu akanipigia simu kutoka wodini, sauti imechoka, "Sasa kaka, unataka nimfanyeje?" Nikamwambia mkoani. Akanyamaza kidogo, kisha nikasikia akimwita dereva.

Gari liliondoka saa 3 usiku. Siti skani ilionyesha pingili zote saba zimekaa sawa, hakuna ufa. Alirudi kesho yake kwa basi la mchana, akapita dirishani kwangu kunisalimu, kola ameiweka kwenye mfuko wa kitenge, akauliza kama airudishe au abaki nayo.